Si Kavera, Si Mtoto

Busia ni mji unaojua matumbo. Mwanamke akipita mpakani ametanguliza tumbo, watu wa hapa hawamuulizi mimba ina miezi mingapi. Wanajiuliza amebeba nini. Tangu upande wa Kenya ulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ile ambayo upande wa Uganda huitwa kavera, wako wanawake waliojifunza kuifunga kiunoni robota kwa robota, wakavaa gauni pana juu yake, wakatembea kwa mwendo wa wajawazito, mkono mmoja mgongoni, wakihema kwa ustadi. Wengine hubeba hata mapacha. Ndiyo maana asubuhi ile Sakinah alipozuiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakuna aliyeshangaa ila yeye mwenyewe.

Sakinah alikuwa mshona magunia. Kila siku alitoka nyumbani kwa wakwe zake, upande wa Uganda, akavuka kwenda kwenye maghala ya mahindi upande wa Kenya, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, imechomekwa kwenye kilemba chake kama unyoya. Huko alikaa chini na wenzake, akafunga midomo ya magunia yaliyojaa na kuziba matundu ya yale yaliyoliwa na panya. Alikuwa na mikono mikavu, ulimi mwepesi, na tumbo ambalo kwa miezi kadhaa lilikuwa likikua bila ruhusa yake. Miguu haikuvimba, uso haukuvimba, mashavu ndiyo kwanza yalizidi kubonyea. Tumbo tu. Na pumzi. Siku hizi akipanda ngazi tatu za ghala alisimama juu akijifanya anakagua mahindi, kumbe anatafuta hewa.

"Mama, simama hapo," mpekuzi alimwambia. Aliitwa Selpher, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Kenya, na mikono yake ilikuwa imepapasa matumbo mengi kuliko mikono ya mkunga. "Hiyo mimba juzi ilikuwa kikapu. Leo ni tenga. Kwani unailisha nini?"

Foleni ikacheka.

"Naipa magunia," Sakinah alijibu. "Mimi napita hapa kila siku. Unanijua."

"Wote nawajua. Ndiyo maana nawapekua. Ingia chumbani."

"Siingii. Umenishuku mbele ya watu, nipekue mbele ya watu. Lakini ukikosa, useme kwa sauti hiyo hiyo."

Foleni ikanyamaza, maana hapo palikuwa na mchezo mzuri. Selpher aliingiza mkono chini ya leso ya Sakinah, akatafuta kamba, akatafuta robota, akatafuta ukingo wowote ambao mwili hauna. Hakuupata. Alibonyeza ubavu huu, na ubavu wa pili ukamjibu kwa wimbi, kama kiriba kilichojaa. Uso wake ukabadilika.

"Hakuna kavera hapa!" alisema, na kwa haki yake, alisema kwa sauti ileile. Kisha akamsogelea Sakinah sikioni. "Mama, hiyo pia si mimba. Ni maji. Dada yangu alikuwa hivyo hivyo, tumbo kubwa, miguu mikavu. Tulimsubiri azae mpaka tukamzika. Kuna madaktari wa utafiti wa moyo wanakuja Tororo kila mwezi, nimesikia kwa redio. Enda."

"Moyo? Mimi nina tumbo."

"Enda tu, mama yangu. Usiniulize mimi."

Bahati mbaya foleni ilisikia nusu ya kwanza tu, ile ya sauti kubwa. Hakuna kavera. Na katika mji unaojua matumbo, tumbo lisilo na kavera limebaki na jibu moja.

Jibu hilo lilifika nyumbani kabla yake. Faruk, mumewe, alikuwa dereva wa trela, na trela lake lilikuwa limekwama Juba tangu kabla ya mvua za vuli, mzigo ukigombaniwa na matajiri wawili. Kila mtu mtaani alijua hivyo. Kwa hiyo kila mtu alijua pia kwamba tumbo la Sakinah, liwe la nani, halikuwa la Faruk.

Jioni ile ndugu walikaa sebuleni. Hajati, mama mkwe wake, alikaa kwenye mkeka akivuta tasbihi bila kuhesabu. Sowedi, shemeji yake, muuza betri za magari, alisimama. Sowedi alikuwa mtu wa kusimama. Akikaa alionekana mfupi. Faruk alikuwa hewani kutoka Juba, simu imewekwa mezani, imefunguliwa sauti.

"Shemeji," Sowedi alianza, "sisi ni watu ya heshima hapa Busia. Mimi nauliza kitu moja tu. Hii tumbo ni ya nani?"

"Ni langu."

"Usinichezee maneno."

"Nani anacheza? Mimi ndiye nalibeba. Usiku silali chali, nalala nimekaa kama mlinzi. Nilipima mkojo kwa kile kijiti cha duka la dawa, mbele ya Apolot tunayeshona naye magunia. Hakuna mtoto."

Sowedi aligeuka kwa mama yake kama mtu aliyepewa zawadi. "Kijiti! Kijiti inatoka wapi, Mama? Hapa hapa mpakani! Hapa simu ni feki, sabuni ni feki, hata betri zingine, si zangu mimi, ni feki. Kijiti ya mkojo ndiyo itakuwa orijino?"

Kwenye simu Faruk alikohoa. Sakinah alisubiri. Alikuwa amejiambia njiani kwamba wakisema wote, Faruk atasema lake.

"Sakinah," sauti ilikuja kwa mbali, imekatikakatika, "we sema ukweli tu. Ukweli hauna shida."

Hapo ndipo kitu ndani yake kilipokakamaa. Kicheko cha foleni kilikuwa kimempita kama vumbi la malori. Hili halikumpita.

Hajati ndiye aliyetoa uamuzi, bila kuinua macho. Sakinah arudi kwao Petta, kwa mama yake, mpaka atakapojifungua. Sharifah, binti yake wa miaka minne, abaki. "Mtoto ni wa hapa," alisema. "Damu ni yetu. Wewe nenda upumzike, mwanangu."

Angetukanwa angelia. Lakini lile neno, upumzike, lilimkera kuliko tusi.

"Siendi," Sakinah alisema. "Hajati, nakuheshimu, sijawahi kukujibu. Leo nakujibu. Tororo kuna mashine inayoona ndani ya mtu. Kuna madaktari wa moyo wanaokuja nayo kila mwezi, na nimeuliza, zamu yao ni keshokutwa. Tutakwenda wote, na mtaingia ndani pamoja nami. Kikionekana kidole kimoja cha mtoto, nitakwenda Petta kwa miguu na Sharifah nitamwacha. Kisipoonekana, Sharifah hatoki mikononi mwangu, na Shemeji ataenda kusema alipokosea pale pale aliponitangaza leo mchana, dukani kwake, mbele ya vijana wa boda."

"Mimi sikutangaza," alisema Sowedi.

"Mwenye chapati wa mbele ya duka lako ndiye aliyenipa pole. Unataka nimwite?"

Kesho yake Apolot, rafiki yake wa magunia, alimshika mkono wakishona. "We Sakinah, umeweka mtoto rehani kwa mashine ambayo hujaiona. Hivi kweli huna siri?"

"Siri yangu ni kuchoka."

"Na kama ni jini?"

"Basi jini naye atatoka kwenye picha, tumdai kodi ya nyumba."

Apolot alicheka mpaka uzi ukamkatikia, kisha akajifuta macho, na haikujulikana alikuwa anafuta kicheko au nini.

Wale madaktari walikuwa na vyumba viwili tu katika zahanati moja ya Tororo, na benchi refu nje. Kwenye benchi walikaa watoto waliohema kama waliokimbia, na akina mama waliowapepea. Mtu akitaka kujua nchi inavyohesabu watu wake, na akae kwenye benchi lile. Wengi walikuwa wameambiwa kwa miaka ni malaria. Wengine walikuwa wameambiwa ni wivu wa jirani. Mwanamume mmoja kutoka Paya, tumbo lake kubwa kuliko la Sakinah, alisema kijijini wanamwita Bosi.

Daktari aliitwa Owori, kijana wa huko huko Tororo aliyekwenda mbali kusomea moyo na kurudi. Alipowaona watatu wakiingia pamoja alinyoosha mkono. "Mgonjwa peke yake, tafadhali. Hii ni faragha yake."

"Faragha yangu iliisha mpakani," alisema Sakinah. "Hawa ni mashahidi. Wakibaki nje hata ukisema mimi ni bikira hawataamini."

Hajati akasema, "Astaghfirullahi," lakini akaingia. Sowedi akaingia nyuma yake, akasimama karibu na mlango.

Daktari alimuuliza maswali mengi kabla ya kugusa mashine. Alizaliwa wapi? Petta. Utotoni walikula nini? Muhogo, wimbi, mboga za majani. Muhogo mara ngapi? Alipata minyoo? Nyumba ilikuwa karibu na maji? Sakinah alijibu, lakini swali la muhogo lilirudi mara ya pili, kisha ya tatu, akaweka mkono kiunoni.

"Daktari, kwani muhogo umeiba nini?"

Owori alitabasamu kidogo. "Kuna watafiti waliofikiri ugonjwa huu unatokana na kula muhogo mwingi bila chakula kingine. Wengine wakasema minyoo, wengine udongo."

"Petta yote inakula muhogo. Mama yangu amekula muhogo mpaka meno yakaisha, na analima kushinda wewe. Mbona tumbo limenichagua mimi?"

"Hatujui."

"Hamjui?"

"Tangu kabla baba yangu hajazaliwa watu wanauliza swali lako hilo, na hatujui. Lala hapa, mama."

Alimpaka majimaji baridi kifuani na kuuweka mkono wa mashine chini ya titi la kushoto. Kwenye kioo kiliibuka kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua. Hajati alisogea mbele bila kujijua.

"Ndio nini hiyo?" aliuliza.

"Ni moyo wa mkweo, mama. Ndio huo unaopiga." Daktari aligandisha picha, akaonyesha kwa kidole. "Moyo wa kawaida una vyumba vinne, na kila chumba kinapanuka kupokea damu. Chumba hiki cha kulia, kona yake yote ya chini imejaa kovu. Mnaona hapa peupe? Hakipanuki tena. Damu inakuja, inakuta mlango wazi lakini nyumba imejaa, inarudi nyuma. Ikirudi, maji yanajikusanya tumboni."

Sakinah alikiangalia kile kioo kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka thelathini, na hakuwahi kufikiria kwamba moyo wake ulikuwa na kona. "Yaani ni kama gunia lililoshonwa kitako kwa ndani," alisema. "Ukilijaza linamwagika mdomoni."

"Ndivyo."

"Haya. Sasa shusha hicho kidude chako mpaka chini."

"Mimi ni wa moyo, mama, si—"

"Shusha. Wamekuja kuangalia huko, si moyoni."

Owori aliwatazama wale wawili, akaelewa kisa chote bila kusimuliwa. Akashusha. Kioo kikawa cheusi, bahari tupu ya maji, na matumbo yakielea ndani yake kama majani. Akateremka zaidi, akagandisha tena. "Huu ni mji wa mimba. Kwa hili huhitaji kuwa bingwa. Hauna mtu."

"Labda," alisema Sowedi kutoka mlangoni, "labda imejificha nyuma ya hiyo maji."

Hajati aligeuka. Hakupaza sauti. "Sowedi. Toka nje, uende ukajifiche wewe."

Akatoka. Hajati akabaki, ameshika ukingo wa kitanda, kisha akavua ushungi wake wa juu akamfunika Sakinah miguu, kana kwamba baridi yote ya dunia ilikuwa pale miguuni. Hakusema samahani. Watu wa umri wake hawaisemi kwa mkwe. Lakini ule ushungi haukuvuliwa mbele ya mwanamume mgeni kwa jambo dogo.

Sakinah alikuwa ameshinda, na hakupewa hata muda wa kufurahi, maana aliuliza lile lililobaki. "Dawa yake?"

Daktari hakumdanganya. Zipo dawa za kumkojoza maji, na tumbo likizidi wanaweza kulitoboa na kuyachota, naye atapumua. Lakini yatarudi. Kovu halina kidonge cha kuliyeyusha. Upasuaji upo, mgumu, mbali, na si kwa kila mtu. Jina lake litapelekwa kwa wapasuaji, bila ahadi. Kisha akasema jambo ambalo alilisema kwa watu wote wa benchi lile: wangependa awe katika utafiti. Damu yake, picha za moyo wake, historia yake. Ana hiari kukataa, na dawa atapewa vilevile.

"Mkishachukua, mnakwenda nazo wapi?"

"Maabara. Halafu tunaandika, madaktari wa nchi nyingine wanasoma."

"Na sisi?"

Owori alipanga upya karatasi zake.

"Sema, Daktari. Utotoni mwangu Petta walikuja watu wenye koti jeupe, wakatutoboa vidole, wakatupa biskuti. Mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini kwenye kidole changu. Walikipata? Walikikosa? Mama yangu anauliza mpaka leo. Huko Ulaya kuna mtu anaujua ugonjwa wangu kwa jina lake na mimi hapa naitwa malaya. Dada ya yule mpekuzi alikufa anasubiriwa azae. Na wewe unataka damu tu?"

"Unataka nini, mama?"

"Nitakupa damu. Picha chukua, na moyo wenyewe nikifa uchukue ukauangalie vizuri. Lakini kila mtakachokipata, na mkikosa pia, mtakuja Busia kwenye maghala, mnakaa chini na sisi, mnasema kwa Kiswahili. Mnawaambia watu tumbo linaweza kuwa moyo. Ukikubali natia sahihi. Ukikataa, nipe dawa zangu niende."

Daktari alivuta kiti akakaa, usawa wa macho yake. "Wakubwa wangu watauliza hiyo gharama iko kwenye fungu gani."

"Waambie iko kwenye fungu la adabu."

Kijana yule alicheka kwa sauti, kisha akaacha, akampa mkono. Sakinah akatia sahihi.

Walifika Busia mchana. Sowedi alitaka kupita njia ya nyuma. Sakinah akasimama katikati ya barabara, mbele ya duka la betri, na Hajati akasimama pamoja naye. Vijana wa boda walikuwa kivulini juu ya pikipiki zao. Mwenye chapati alikuwa anageuza chapati.

"Shemeji," alisema Sakinah, "tumefika."

"Wewe Sakinah, mambo ya nyumbani tunamalizia nyumbani."

"Uliyaanzia hapa."

Sowedi alimtazama mama yake. Hajati alikuwa anatazama betri.

"Jamani," Sowedi alisema, akikuna shingo, "ile kitu nilisema juzi, ya shemeji... si vile. Ni ugonjwa."

"Sauti," alisema Sakinah.

"Ni ugonjwa! Ya moyo! Moyo yake imejaa kidonda, maji imeshuka kwa tumbo! Mimi nimeona kwa macho yangu, hakuna mtoto!" Jasho lilimtoka. "Mimi nilikosa."

Kijana mmoja wa boda, Brayo, mwenye mdomo kuliko pikipiki yake, akasema, "Bro, si ulituapia ni ya yule tajiri wa mahindi?" Wenzake wakalipuka. Lakini mwenye chapati hakucheka. Alizima jiko, akatoka mbele ya meza, akauliza taratibu kama hao madaktari wanaona watoto pia, maana mwanawe anahema hivyo hivyo na wameshamaliza dawa zote za malaria.

Sakinah akamwelekeza. Alirudia mara mbili, mahali, siku, jina la daktari, mpaka mtu yule akayashika.

Owori alikuja kwenye maghala. Hakuja mapema, Sakinah alimpigia simu mpaka akachoka kutokupokea. Alikaa juu ya gunia na kuchora moyo chini kwa kijiti, na Selpher alivuka mpaka siku ile bila sare yake ya kazi, akakaa nyuma kabisa, akasikiliza akitazama miguu yake. Alipoulizwa chanzo cha ugonjwa, daktari alisema mbele ya watu wote, "Hatujui bado." Hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Na Faruk? Trela liliachiliwa, akarudi na kitenge kipya na viatu vya Sharifah vilivyokuwa vidogo tayari. Tumbo la Sakinah lilikuwa limechotwa maji na lilikuwa limeanza kujaa tena kidogo kidogo, kama daktari alivyosema. Faruk alikaa kitandani, kofia mkononi.

"Mama ameniambia yote," alisema. "Sowedi pia. Nakuamini, Sakinah."

Sakinah alikuwa akimfunga Sharifah vifungo vya nguo. Alimaliza cha mwisho kwanza.

"Siku ya simu ile ndiyo nilitaka uniamini," alisema. "Sasa imepita. Alhamisi ni siku ya Tororo. Utakwenda na mimi, utaingia ndani, utasimama mbele ya kile kioo uone hiyo kona iliyoshonwa. Uuangalie moyo wangu vizuri, mume wangu, ndipo uje hapa uniambie unachojua."

Faruk alisema trela linapakia Alhamisi.

Sakinah alichomoa shazia kutoka ukutani, akaichomeka kwenye kilemba, akamshika mwanawe mkono. "Basi mwambie tajiri alipakie Ijumaa," alisema, akatoka kwenda kazini.